Maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu mantiki, mirathi na kompyuta

Mimi ni mtafiti wa sayansi ya kompyuta, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Ninashughulika na programu za kimantiki, ikiwemo moja niliyoiandika ya kugawa mirathi, na namna kompyuta inavyoweza kujenga hoja yenyewe. Kila nikirudi nyumbani naulizwa maswali yaleyale, barazani na jikoni, na wanafunzi nao huniandikia. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe halifupishiki.

Mwanangu, kazi yako hasa ni ipi?

Shikamoo kwanza. Kazi yangu ni kuifanya kompyuta itoke kwenye mambo inayoyajua iende kwenye mambo yanayofuata, bila kuruka hatua, na ikiulizwa imefikaje huko iweze kuonyesha njia yote. Ukiniambia Asha ni mama wa Juma, na Juma ni baba wa Saidi, huhitaji kuniambia kwamba Asha ni bibi yake Saidi. Kazi yangu ndiyo hiyo, ila kanuni ni mamia na watu ni wengi.

Prolog ni nini, na inatofautianaje na lugha nyingine za programu?

Lugha nyingi huiamrisha kompyuta: fanya hili, kisha lile, rudia mara kumi. Prolog unaielezea mambo yalivyo, halafu unaiuliza. Tuchukue safari za kwetu. Naandika barabara:

barabara(tanga, muheza).
barabara(muheza, segera).
barabara(segera, chalinze).
barabara(segera, korogwe).
barabara(korogwe, mombo).
barabara(mombo, lushoto).

Kisha nasema kufika maana yake nini:

fika(X, Y) :- barabara(X, Y).
fika(X, Y) :- barabara(X, Z), fika(Z, Y).

Alama ya :- isome "iwapo", na mkato usome "na". Herufi kubwa ni vigeu, nafasi zinazosubiri kujazwa. Kanuni ya kwanza inasema unafika Y kutoka X iwapo kuna barabara ya moja kwa moja. Ya pili inasema unafika Y iwapo kuna barabara ya kukupeleka mahali fulani, Z, na kutoka hapo Z unafika Y. Basi, sikuandika kingine.

Nikiuliza fika(tanga, lushoto), Prolog inajibu ndiyo. Angalia inavyohangaika kabla ya kujibu: inakwenda Muheza, inafika Segera, na kwa kuwa barabara ya Chalinze niliiandika kwanza, inaifuata hiyo. Chalinze haikuti njia ya kuendelea, inarudi njia panda ya Segera na kushika ya Korogwe, halafu Mombo, halafu Lushoto. Huku kurudi kwenye njia panda ya mwisho na kujaribu upande mwingine ndiyo injini ya lugha nzima.

Kilichonivuta mimi ni kwamba swali hugeuzika. Nikiuliza fika(tanga, Popote), itanitajia kila mji ninaoweza kuufikia. Nikiuliza fika(Kutoka, lushoto), itanitajia kila mji ambako mtu anaweza kuondoka akafika Lushoto. Kanuni ni zilezile mbili. Katika lugha ya kuamrisha ningeandika programu tatu.

Nikiuliza fika(tanga, pangani), itajibu hapana. Sote tunajua kwamba Pangani kunafikika. Jibu hilo naomba ulikumbuke, nitalirudia.

Nani aliibuni?

Ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Colmerauer hakuwa anatafuta lugha ya programu. Alitaka kompyuta ielewe sentensi za Kifaransa na kujibu maswali kutokana nazo. Majira ya joto ya 1971 alimwalika Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh akifanya utafiti wa kuthibitisha theoremu kwa mashine. Kowalski aliona kwamba sentensi ya aina ya "A iwapo B na C" inasomeka kwa njia mbili: kama kauli ya kweli, na pia kama utaratibu wa kazi, kwamba ukitaka A tafuta kwanza B, halafu C. Sentensi za umbo hilo zilikwisha kuchunguzwa na Alfred Horn mwaka 1951, kwa hiyo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake.

Watu waliidhani lugha ya vitabuni tu hadi David H. D. Warren alipoandika kompaila yake, yaani programu ya kuigeuza Prolog kuwa lugha ya mashine, huko Edinburgh miaka ya 1970, ikaonekana inaweza kukimbia kwa kasi ya kazi za kweli.

Mashine inathibitishaje jambo?

Kwa kuukubali kwanza uongo, kisha kuubana mpaka ujikanushe. Mwaka 1965 John Alan Robinson alichapisha kanuni moja ya kuhitimisha inayoitwa rezolusheni. Ukitaka kuthibitisha kauli, unaichukua kinyume chake, unaichanganya na yale unayoyajua, na kuendelea kuoanisha sentensi mbilimbili. Sentensi moja ikisema jambo na nyingine ikilikana, vipande hivyo vinafutana na kinachobaki kinakuwa sentensi mpya. Ukifika mahali kisibaki kitu, kinyume kimeanguka, na kauli yako imesimama. Kwa binadamu ni njia ya kuchosha. Kwa mashine ni nzuri kupita kiasi, kwa sababu hakuna kanuni nyingi za kuchagua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1996. Herbert Robbins aliuliza swali la aljebra mwaka 1933, na wanahisabati wakubwa wakalijaribu wakaliacha. William McCune, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, aliiachia programu yake, EQP, ikafanya kazi kwa takriban siku nane, ikatoa uthibitisho. Ulikuwa mfupi kiasi cha kusomwa na binadamu, nao wakaupitia mstari kwa mstari wakaukuta sahihi.

Upo pia uthibitisho usiosomeka. Mwaka 2016 Marijn Heule, Oliver Kullmann na Victor Marek waliuliza: namba nzima kuanzia 1 zinaweza kupakwa rangi mbili bila namba tatu za Pythagoras (kama 3, 4 na 5, ambapo 9 na 16 ni 25) kuwa zote za rangi moja? Kompyuta ilijibu kwamba hadi 7,824 inawezekana, na ukifika 7,825 haiwezekani tena. Uthibitisho wake ulikuwa wa terabaiti 200. Hakuna binadamu atakayeusoma maishani mwake, lakini programu nyingine ndogo inaweza kuukagua hatua kwa hatua. Watu huniuliza kama huo ni uthibitisho kweli. Kwangu ni uthibitisho, maadamu mkaguzi ni mdogo kiasi ambacho sisi wenyewe tunaweza kumkagua.

Kwa nini umechagua mirathi?

Kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ambako mirathi ilizungumzwa, na kwa sababu faraidhi, yaani sheria ya Kiislamu ya mirathi, ni mfumo wa kanuni uliopangwa kwa ustadi mkubwa. Mke ana robo iwapo marehemu hakuacha mtoto, na thumuni, yaani sehemu moja ya nane, iwapo ameacha. Binti mmoja pasipo kaka ana nusu. Akiwepo kaka, wa kiume anachukua mara mbili ya wa kike. Kabla ya yote hayo kuna gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi theluthi. Kila sentensi hapo tayari ina "iwapo" ndani yake. Kuihamishia kwenye Prolog ni karibu kuandika vilevile ilivyosemwa.

Na uhusiano huu ni wa zamani. Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye neno algoriti limetokana na jina lake, alipoandika juu ya aljebra alitenga sehemu kubwa kwa hesabu za wasia na mirathi. Aljebra ilikuwa na kazi ya kufanya nyumbani kwa watu tangu mwanzo.

Upande wa sheria za kisasa, mwaka 1986 kundi la watafiti wa Imperial College, London, akiwemo Marek Sergot na Kowalski, lilichapisha programu ya Prolog iliyoandikwa kutoka sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981. Niliposoma kazi hiyo nilijiuliza mara moja: kama uraia wa Uingereza, kwa nini isiwe faraidhi?

Panaponoga ni pale kanuni zinapogongana. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada zake wawili wa baba mmoja mama mmoja. Mume ana nusu. Dada wawili wana theluthi mbili. Jumlisha: 3/6 na 4/6 ni 7/6. Mali haitoshi. Wanazuoni walilitatua hili kwa awli: mafungu yote yanapunguzwa kwa uwiano, mali inagawanywa saba, mume anachukua tatu na dada nne, yaani mbili kila mmoja. Kwa mtu wa mantiki hiyo ni kanuni juu ya kanuni. Huwezi kuiandika ndani ya fungu la mume wala la dada. Lazima programu iyahesabu mafungu kwanza, iyatazame yote kwa pamoja, kisha ndipo iamue. Nilitumia miezi kuliweka hilo vizuri.

Programu yako imewahi kutoa jibu baya?

Ndiyo, na jambo hilo ndilo lililobadilisha utafiti wangu wote.

Jirani yetu mmoja alifiwa na mumewe. Walikuwa hawakujaaliwa mtoto. Marehemu alikuwa na mdogo wake wa kiume. Programu ilikuwa bado ya majaribio, lakini familia iliniomba niwaonyeshe ingesemaje. Niliandika niliyoambiwa: mke mmoja, ndugu mmoja. Ikajibu mke robo, na robo tatu za ndugu. Hesabu ilikuwa safi. Jioni ile, wakati wa kahawa, mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Na yule binti wa Pangani?"

Marehemu alikuwa na binti wa ndoa ya ujana wake. Binti akiwepo, mke ana thumuni, binti ana nusu, na ndugu anabakiwa na sehemu tatu kati ya nane. Binti yule programu yangu ilimpa sifuri, na haki yake ilikuwa nusu ya mali yote. Ashukuriwe Mungu, hakuna kilichokuwa kimegawanywa. Sikulala usiku ule.

Kosa lilikuwa kwenye mstari huu:

fungu(mke, robo) :- \+ ana_mtoto(marehemu).

Nilikuwa nikiusoma "mke ana robo iwapo marehemu hana mtoto". Sivyo unavyosema. Ile alama \+ maana yake ni "haithibitiki kwamba". Prolog inatafuta mtoto katika ilichoandikiwa, inamkosa, na kule kumkosa inakuhesabu kuwa ni kutokuwepo. Keith Clark alilieleza jambo hili kwa undani mwaka 1978, na mwaka huohuo Raymond Reiter akaliita dhana ya ulimwengu uliofungwa: kisichoandikwa hakipo. Ndiyo sababu pale juu Prolog ilisema hakuna njia ya kwenda Pangani.

Kwenye ratiba ya mabasi dhana hiyo haina neno. Basi lisilo kwenye ratiba halipo. Kwenye familia ni hatari.

Kilichonitoa hapo ni Kiswahili chenyewe. Sisi husema "hakuja" na husema "hajaja", na hakuna mtoto wa Tanga anayeyachanganya. Hakuja, jambo limekwisha. Hajaja, mlango bado uko wazi. Prolog nilikuwa naiuliza kama mtoto hakuthibitika, nayo inaweza kunijibu tu kwamba hajathibitika. Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz, waliochapisha mwaka 1988 nadharia ya modeli thabiti, baadaye walizipa programu za kimantiki ukanushaji wa aina mbili: mmoja wa "haijulikani kuwa ni kweli", na mwingine wa "inajulikana kuwa si kweli". Niliandika upya kila kanuni yenye ukanushaji. Sasa robo ya mke haitoki mpaka mtu athibitishe kwamba hakuna mtoto, na kwamba mjane hana mimba. Pasipo uthibitisho wa huku wala wa kule, programu haigawi. Inauliza.

Je, si kama hii akili mnemba ya siku hizi inayojibu kila kitu?

Hapana, ingawa ni ndugu. Ile ya siku hizi imejifunza kutokana na maandishi mengi mno, na inatunga maneno yanayoelekea kufuata. Inasema vizuri, na mara nyingi inasema kweli, lakini huwezi kuiomba mnyororo wa sababu ukawa na hakika kwamba ndio uliolileta jibu. Programu ya kimantiki haijui chochote ambacho haikuambiwa, ila kila jibu lake lina nasaba.

Mahali pazuri ni zinapokutana. Mwaka 2024 mifumo ya Google DeepMind ilitatua maswali manne kati ya sita ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, ikapata alama 28 kati ya 42, kiwango cha medali ya fedha. Mmoja wa mifumo hiyo, AlphaProof, ulikuwa ukiandika uthibitisho wake kwa Lean, lugha ambayo mkaguzi wake hakubali hatua yoyote isiyofuata kanuni. Upande mmoja ukibahatisha njia na mwingine ukikagua, napata matumaini makubwa.

Kompyuta inaweza kuthibitisha kila jambo la kweli?

Haiwezi. Mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba hakuna utaratibu mmoja wa kuamua kila kauli ya mantiki ya kawaida. Kauli ikiwa inathibitika, mashine yenye subira itaupata uthibitisho. Ikiwa haithibitiki, mashine inaweza kutafuta milele, na wewe uliyekaa mbele yake huwezi kujua kama imebakiza dakika moja au haitamaliza kamwe.

Inachukua kazi ya sheikh au ya hakimu?

Haichukui. Nani ni mrithi, talaka ilipita au haikupita, mali hii ni ya marehemu au ni ya mkewe: hayo huamuliwa na watu wenye elimu na mamlaka, baada ya kusikiliza mashahidi. Programu inaanza pale wao walipomaliza.

Mbali na mirathi, inatumika wapi?

Sehemu nyingi zisizoonekana. Mwaka 1994 prosesa ya Pentium iligunduliwa kuwa inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya, na Intel ikaingia gharama ya dola milioni 475. Tangu hapo watengenezaji wa prosesa wamekuwa wakithibitisha sakiti zao kimantiki kabla ya kuzichonga, badala ya kujaribu mifano michache na kuomba dua. Erlang, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya mitambo ya simu, iliandikwa kwa mara ya kwanza ndani ya Prolog. Na kompyuta ya Watson ya IBM, iliyowashinda mabingwa wa chemshabongo kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2011, ilitumia Prolog kuchambua maswali.

Mwalimu, programu yangu inazunguka tu haitoi jibu. Nimekosea wapi?

Karibu kila mwanafunzi hunifikia na hili. Prolog husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na masharti kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika

fika(X, Y) :- fika(X, Z), barabara(Z, Y).

kimantiki hujakosea. Lakini ili kujua kufika ni nini, Prolog inaanza kwa kuuliza kufika ni nini. Haitoki hapo. Tanguliza barabara.

Kuna mtego mwingine. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, kwa hiyo kuna siku utataka kuandika na barabara ya kurudi, barabara(muheza, tanga). Sasa iulize kuhusu mji ambao hukuuandika. Itakwenda Muheza, itarudi Tanga, itakwenda Muheza, na mafuta yake hayaishi. Dawa ni jedwali: kila swali lililokwisha kuulizwa linaandikwa pembeni ili lisiulizwe tena. Hisao Tamaki na Taisuke Sato walilieleza hilo mwaka 1986, na mfumo wa XSB wa Stony Brook, New York, ukalikuza chini ya David S. Warren. (Huyu si yule Warren wa Edinburgh. Ni watu wawili, majina karibu sawa, taaluma moja, na wanafunzi wanawachanganya kila mwaka.) Siku hizi, katika SWI-Prolog, ni mstari mmoja tu juu ya programu:

:- table fika/2.

Nahitaji kompyuta kubwa?

Hapana. Kompyuta ya mezani ya zamani inatosha kabisa.

Na kama sikuwa mzuri wa hisabati shuleni?

Njoo hivyohivyo. Wanafunzi walionishangaza zaidi ni wale waliozoea kutegua vitendawili na kubishana kwa hoja.

Naanzia wapi?

Chukua SWI-Prolog, iliyoanzishwa na Jan Wielemaker mjini Amsterdam mwaka 1987. Ni bure. Kisha andika familia yako, kwa Kiswahili, kwa maana Prolog haijali maneno ni ya lugha gani. Anza na mama(mama, mwana) na baba(baba, mwana) kwa kila unayemjua. Halafu andika kanuni za bibi, shangazi, ami na mjomba. Sisi tuna majina tofauti kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, kwa hiyo zoezi letu lina utamu zaidi:

mjomba(X, Y) :- mama(M, Y), ndugu(X, M), mwanamume(X).

Ukifika kwenye ndugu, utaandika kwamba ndugu ni wawili wenye mama mmoja, na Prolog itakwambia kwamba wewe ni ndugu yako mwenyewe. Usikasirike, hukuiambia kwamba ni watu wawili. Ongeza X \= Y mwishoni, uliza tena. Ukimaliza, iulize kuhusu jamaa mmoja unayemjua vizuri lakini hukumwandika, na usome jibu lake mara mbili.